Hofu ya sindano siku ya chanjo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa chanjo, mwaka wa 14 sasa. Nilianzia zahanati ya kijijini mkoani Tanga, leo niko kituo cha afya cha mjini. Maswali haya nimeulizwa dirishani kliniki, chini ya mwembe wa shule, na kwa ujumbe wa simu saa tano usiku na mtu anayechanjwa kesho yake asubuhi. Nimeyajibu kama ninavyomjibu aliyekaa mbele yangu.

Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na bado naogopa sindano. Nina tatizo?

Huna. Nimewaona askari, mafundi wa kupanda minara na akina mama waliozaa mara tano wakitetemeka mbele ya sindano ndogo. Wakati fulani alikuja dereva wa lori la masafa marefu anayekwenda Lubumbashi, alihitaji chanjo ya homa ya manjano ili avuke mpaka. Alisimama mlangoni kashika kofia, kijasho chembamba kinamtoka juu ya mdomo. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Sista, mimi nikichomwa naanguka. Naomba nilale."

Katika miaka yote hii sijasikia sentensi inayonisaidia kazi kuliko hiyo. Alilala kitandani, nikamchoma, akapumzika dakika 20, akaondoka na kadi yake. Tangu Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, kwa hiyo safari ile ngumu ya mlangoni hadi kitandani hatairudia kwa chanjo hiyo.

Wanaonipa shida ni wanaoficha. Anaingia anacheka, anasema "choma tu", dakika moja baadaye nampokea sakafuni.

Kwa nini moyo unanienda mbio, halafu ghafla naona giza?

Hapo kuna mambo mawili yanayofuatana. La kwanza ni hofu kama hofu nyingine yoyote: moyo unadunda, mate yanakauka, viganja vinakuwa baridi. Ungekutana na nyoka njiani ingekuwa hivyo hivyo.

La pili linawapata baadhi ya watu tu, na linahusiana zaidi na sindano na damu. Baada ya kupanda, presha inashuka kwa kasi. Mapigo ya moyo yanapungua, mishipa ya damu inatanuka, damu inabaki miguuni na kichwani inafika kidogo. Uso unapauka, masikio yanavuma, jasho la baridi linatoka, macho yanaingia giza, na mtu anazimia. Mara nyingi jambo hili linatembea ndani ya ukoo. Ukiuliza nyumbani utasikia kwamba baba naye, au shangazi, hawezi kuona damu.

Kwa hiyo anayeanguka si kwamba ana moyo mdogo. Ni mishipa yake imefanya hivyo, na mishipa ina dawa yake, soma swali linalofuata.

Kila mtu ananiambia "jikaze". Nijikaze vipi?

Kwa kweli neno hili limewaumiza wengi, kwa sababu linasemwa kwa kukemea. Lakini ukilichukua kama lilivyo, yaani kukaza mwili, lina faida kubwa. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, aliwafundisha watu wanaozimia wakiona damu kukaza misuli yao kwa makusudi, ili presha isiporomoke. Njia hiyo inatumika mpaka leo, na mimi naifundisha hivi:

Kaa kitini. Kaza mapaja, makalio na tumbo, na ukunje ngumi ya mkono ambao hautachomwa. Shikilia kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie joto linapanda usoni. Legeza kidogo kwa sekunde 20 au 30, ila usijiachie kabisa kama mtu anayetaka kulala. Kisha kaza tena. Fanya mara tano. Jizoeze nyumbani kwa wiki nzima kabla ya siku yenyewe, ukikaa sebuleni au ukingoja daladala. Siku ya chanjo anza ukiwa bado kwenye foleni, endelea wakati wa kuchomwa, na usiache mara tu sindano inapotoka, maana wengi huanguka baada ya kuchomwa, wanapoinuka kwenda zao.

Mkono unaochomwa uwe mbali na kazi hiyo. Uache uning'inie kama mkono wa shati lililotundikwa msumarini. Msuli uliokazwa huuma zaidi wakati sindano inaingia, na huuma zaidi kesho yake. Ndiyo maana nasema: kaza miguu, legeza bega.

Kama una mimba au una tatizo la presha, mwulize kwanza anayekuhudumia. Kulala chali, au kwa ubavu kwa mjamzito, kunaweza kukutosha.

Mimi sizimii. Ila moyo unakwenda mbio na pumzi inakata.

Basi kwako dawa ni pumzi. Weka kiganja tumboni, vuta hewa kwa pua taratibu mpaka tumbo likisukume kiganja, kisha itoe polepole kwa mdomo kama unapuliza chai ya moto isimwagike. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukivuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita.

Angalia usipumue harakaharaka. Kuhema sana huleta ganzi kwenye vidole na kuzunguka mdomo, pamoja na kizunguzungu, na mtu akiisikia ganzi hiyo baada ya kuchanjwa anaamini dawa imemdhuru. Punguza kasi ya pumzi, ganzi nayo itapungua.

Nije na njaa?

Hapana. Kunywa chai, kula chochote ulichozoea, ongeza maji. Wanaotoka nyumbani bila kitu tumboni na kusimama juani kwenye foleni ndio tunaowaokota. Kama uko kwenye Ramadhani na unajijua huwa unazimia, na tarehe yako inaruhusu, sogeza chanjo.

Nitazame sindano au nigeuze uso?

Fanya kinachokutuliza. Wengine wakigeuza uso wanaogopa zaidi kwa kutojua lini. Mwambie muuguzi unataka kuhesabiwa moja, mbili, tatu, au hutaki kuambiwa chochote.

Sindano zenyewe siku hizi zikoje? Nakumbuka zile za utotoni.

Swali hili nalipenda, kwa sababu mara nyingi hapa ndipo hofu ilipozaliwa. Waliokua miaka ya 80 na 90 wanakumbuka sindano za PPF, aina ya penisilini: dawa nzito, makalioni, siku kadhaa mfululizo, mtoto ameshikwa na watu wawili. Anapoingia kwetu leo, mwili wake unakumbuka ile.

Ya chanjo si ile. Dozi nyingi za chanjo za msuli ni nusu mililita, yaani sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Sindano yake ni nyembamba, inaingia begani na kutoka kabla hujamaliza kutaja jina lako kamili. Bomba la sindano tunalotumia kliniki ni la kujifunga: likishasukumwa mara moja, haliwezi kuvutwa tena. Hata mtu akitaka kulitumia kwa mgonjwa wa pili, haiwezekani. Tunalitumbukiza pale pale kwenye boksi la usalama bila kulifunika.

Kichupa cha dawa kinaweza kuwa na dozi za watu kadhaa, na hilo huwatia watu wasiwasi wakiona kichupa kilekile kinarudiwa. Kichupa ni kimoja, ila kila mtu na bomba lake jipya na sindano yake mpya. Una haki ya kuomba pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Hakuna muuguzi mwema anayekasirikia ombi hilo.

Binti yangu ana miaka 11. Watachanjwa shuleni na amekosa usingizi. Nimwambieje?

Mwambie ukweli, na mwambie mapema. Chanjo inayowafikia mabinti shuleni kwetu Tanzania ni ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 walilengwa wenye miaka 14 na walichomwa mara mbili. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hilo pekee limewapunguzia mabinti wengi mzigo: ni mara moja, basi.

Usimwambie "haiumi". Akichomwa ataona umemdanganya, na siku nyingine hatakuamini wewe wala mimi. Mwambie, "Utasikia kama mwiba umekuchoma, halafu utaisha. Mkono unaweza kuuma siku moja au mbili." Mtoto wa miaka 11 anastahili kujua siku kadhaa kabla. Mwanafunzi wa chekechea mwambie asubuhi yenyewe, usimpe usiku mzima wa kuwaza. Na umwulize anaogopa nini hasa. Nilishamuuliza binti mmoja aliyekuwa analia, nikidhani anaogopa maumivu, kumbe alikuwa anaogopa wavulana watamwona bega. Tulitundika khanga dirishani, akakaa mwenyewe kwenye kiti.

Sasa nizungumzie kuanguka kwa pamoja, kwa sababu wazazi wengi wamesikia habari zake. Shule moja niliyokwenda tulichanja darasani, madirisha wazi, foleni inaanzia ndani inaishia uwanjani. Msichana wa saba au wa nane akaanguka mbele ya wenzake. Kabla ya nusu saa walikuwa wameanguka wengine wanne. Wawili kati yao walikuwa bado hawajaguswa na sindano.

Nirudie hilo: hawajaguswa. Na hawakuwa wanaigiza. Niliwashika mikono, ilikuwa baridi kweli, mapigo ya chini kweli. Hofu inahama kutoka mwili hadi mwili, hasa kwa mabinti wa umri huo, wanaosimama pamoja na kumwona mwenzao anabebwa. Mwaka 2014 huko Colombia, mji wa El Carmen de Bolívar, mamia ya wasichana waliugua hivi baada ya chanjo ya HPV, na uchunguzi haukukuta kwamba chanjo ndiyo iliyowadhuru. Shirika la Afya Duniani sasa linayaweka mambo haya kwenye kundi lake lenyewe, yaani mwitikio wa mwili kwa mfadhaiko wa kuchanjwa. Kwa lugha nyingine, wanaugua kweli, na kinachowafanya waugue ni hofu.

Baada ya siku ile tulibadilisha utaratibu. Tunaomba chumba chenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Wanaoogopa sana wanaanza, wasikae saa mbili wakiwatazama wenzao. Wanaingia wawili wawili, rafiki na rafiki yake. Mikeka imetandikwa chini tayari. Aliyechanjwa anakaa dakika 15 kivulini na mwalimu anayemwamini, mbali na foleni. Mzazi, unaweza kumwuliza mwalimu mkuu kama mambo haya yameandaliwa. Na kama binti yako alishawahi kuzimia, andika kwenye karatasi ya ridhaa au mpe barua. Tutamlaza.

Na mtoto mchanga?

Mnyonyeshe. Kama ananyonya, anza kidogo kabla na uendelee wakati anachomwa. Hili limo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, ingawa bibi zetu walilijua zamani. Mpakate, usimlaze mezani. Matone ya mdomoni yatangulie, sindano zifuate, na inayouma zaidi iwe ya mwisho.

Mama anayeogopa sindano asijilazimishe. Mtoto unayemkumbata anasikia mikono yako inavyotetemeka. Mpe bibi yake au baba yake amshike, wewe ngoja nje, umpokee mara tu akitoka. Nimeona baba anayejua kumpakata mtoto akimaliza kazi nzima huku anaimba.

Nikimwambia mtoto "ukilia nitakupeleka kwa nesi akuchome", kuna ubaya?

Upo, na nawaomba msifanye. Kila kitisho cha namna hiyo nakutana nacho baadaye mlangoni, mtoto ameshika nguzo kwa mikono miwili. Na siku ataugua kweli atakuficha.

Nilipochanjwa nilizimia. Ina maana nina mzio na chanjo?

Mara nyingi hapana. Kuzimia kwa hofu huja papo hapo au ndani ya dakika chache. Mtu anapauka, mapigo yanakuwa polepole, na akilazwa na miguu ikainuliwa anazinduka baada ya dakika moja au mbili. Wengine hurusharusha mikono kidogo wakiwa wamezimia na watu wanadhani ni kifafa.

Mzio mkali una sura nyingine: vipele vya kuwasha mwilini, midomo au macho kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana na kupumua kwa mlio, mapigo kwenda mbio, wakati mwingine kutapika. Ni wa nadra sana, takriban mtu mmoja kwa dozi milioni moja, na kwa kawaida hujitokeza upesi, mtu akiwa bado karibu nasi. Ndiyo sababu tunakuzuia usiondoke kwa dakika 15, na ndiyo sababu dawa ya adrenalini haikosekani mezani petu. Ukiona dalili hizo, usingoje kuitwa. Paza sauti.

Ukija mara nyingine, tueleze kilichotokea kama kilivyotokea. Tutajua kama ni suala la kitanda au la kumwona daktari kwanza.

Ninywe panadoli kabla? Au bia moja ya kutuliza?

Panadoli ngoja mpaka uchanjwe, uinywe kama mkono unauma au homa imepanda. Kuinywa kabla kwa kinga hatushauri. Pombe hapana, wala usimeze vidonge vya usingizi vya mtu mwingine. Ipo krimu ya ganzi inayopakwa begani saa moja kabla, ukiipata duka la dawa na ukaimudu, mwulize mfamasia namna ya kuipaka.

Sindano siiogopi. Naogopa ninayoyasikia, kwamba chanjo zinafunga uzazi.

Uliza hilo kabla hujasimama kwenye foleni, na umwulize mtu anayechanja, si anayekutumia sauti za WhatsApp. Jibu langu: chanjo ya HPV haifungi uzazi. Inalinda mlango wa kizazi dhidi ya saratani ambayo hapa Tanzania ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Nimewauguza wanawake wenye ugonjwa huo katika hatua za mwisho, na kama ningekuwa na binti wa miaka 9 ningempeleka kesho.

Chanjo zina maudhi, sikufichi. Mkono kuuma, homa, uchovu, kichwa. Huisha ndani ya siku chache.

Nimejifunza jambo lingine pia. Mara nyingine hofu mbili huvaa nguo moja. Mtu anakuja na maneno mengi ya mitandaoni, tunajibizana vizuri, hoja zinaisha, halafu ananyamaza. Ukimpa muda anasema, "Basi tu, nesi, mimi sindano siiwezi." Hana sababu ya kuona haya. Hapo tunarudi kwenye swali la kwanza.

Nimeahirisha mara tatu. Nikirudi mtanisema?

Asikuseme mtu. Ukisemwa, tafuta muuguzi mwingine kwenye kituo hicho hicho. Ila usingoje mpaka siku zikubane. Kadi ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na wanaokwenda Hijja wanatakiwa wawe wamechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Mwenye haraka huogopa maradufu.

Njoo alasiri, foleni ikiwa imekwisha. Ukifika dirishani sema, "Naogopa sindano, niliwahi kuzimia, naomba kitanda." Huna haja ya kueleza zaidi. Na kama hata hilo ni zito, inawezekana kwenda hatua kwa hatua.

Alikuwapo mama mjamzito aliyekuwa anafika kwenye benchi la getini na kurudi nyumbani bila chanjo ya pepopunda. Nilimfuata benchini. Siku ya kwanza tuliongea tu, nikamwonyesha bomba likiwa kwenye pakiti yake, akalishika. Wiki iliyofuata aliingia chumbani, nikampangusa bega kwa pamba yenye maji, tukaishia hapo, akaenda zake. Mara ya tatu alikuja na dada yake. Alipanda kitandani, akalala kwa ubavu, na mkono wa gauni aliupandisha mwenyewe.